Dogo wa Muheza anataka kamera ihesabu machungwa, anauliza aanze na laibrari ipi

Swali kwa kifupi: kijana wa Muheza ananiandikia kwamba mjomba wake ni dalali wa machungwa, wana banda la makuti ambapo machungwa ya wakulima yanamwagwa, vibarua wanahesabu kwa mkono, halafu yanapakiwa kwenye Fuso kwenda Dar na mengine yanavuka Kenya. Ugomvi wa kila siku ni hesabu, mkulima anasema hivi kibarua anasema vile. Yeye kasoma Python kidogo chuoni, ana laptopu ya Core i3 yenye RAM ya GB 4 haina GPU (chipu ya kazi nzito za picha), ana webkamu ya USB, na anataka mfumo wa kuhesabu machungwa, kutenga makubwa na madogo, na ikiwezekana kuona mabovu. Kasikia OpenCV, scikit-image, TensorFlow, PyTorch, YOLO, Detectron2, kachanganyikiwa. Anauliza aanze na ipi, je kweli zote ni bure, na akija kumuuzia dalali mwingine huo mfumo atashtakiwa? Mwisho anauliza kama anaweza kupiga picha Fuso lote likiwa limejaa akajua idadi.

Mdogo wangu salama? Nianze na hilo la Fuso maana jibu lake fupi, haiwezekani. Kamera inaona yale ya juu na ya pembeni tu, chungwa lililofunikwa na wenzie mwanga wake haufiki kwenye lenzi kwa hiyo hakuna laibrari (fungu la programu zilizoandikwa tayari) duniani, ya bure wala ya hela, itakayolihesabu. Unaweza kupima ujazo wa bodi ukagawa kwa ukubwa wa chungwa lakini hayo ni makadirio, na makadirio ndo hayo hayo yanayowagombanisha hapo bandani. Hesabu ifanyike pale machungwa yanapopita tabaka moja, yasipandane, kabla hayajapanda gari. Kama hapo bandani hakuna sehemu ya namna hiyo basi kazi yako ya kwanza ni ya useremala, tengeneza mfereji wa mbao wenye mteremko kidogo, machungwa yamwagwe juu yateremke yenyewe mpaka kwenye matenga. Kodi, yaani code ya programu siyo ya TRA, baadaye.

Sasa hayo majina. Umeyaweka kwenye mstari mmoja kama vile ni timu za ligi uchague moja, ila hayafanyi kazi moja. OpenCV ni sanduku la vifaa vya picha: kufungua kamera, kubadili rangi, kukata, kupima, kutafuta mipaka ya vitu, kunyoosha picha iliyopinda. scikit-image ni sanduku la aina hiyo hiyo ila limeandikwa kwa ajili ya watu wa Python na sayansi, zuri sana kusomea, polepole zaidi kwenye video. PyTorch iliyoanzia Facebook na TensorFlow ya Google hizo ni injini za kutreni modeli, yaani programu inayojifunza kwa mifano ya picha, zenyewe hazijui chungwa wala nazi mpaka uzifundishe. Detectron2 ni ya kutambua vitu kwenye picha, imejengwa juu ya PyTorch, watafiti wanaipenda, kwa laptopu yako hiyo achana nayo kabisa. Na YOLO siyo laibrari, ni ukoo wa modeli, na ndani ya ukoo huo kila mtoto ana mzazi wake na leseni yake, nitarudi hapo maana ndipo watu wanapoumia.

Kwa kazi yako anza na OpenCV peke yake. Sijasema hivyo kwa kukudharau, nasema kwa sababu kuhesabu vitu vya duara vinavyopita juu ya kitu cha rangi moja ni kazi ambayo ilikuwa imeshatatuliwa kabla hata neno AI halijawa la kutangazia biashara. OpenCV ilianzia Intel mwaka 1999, aliyeianzisha anaitwa Gary Bradski, ikatolewa kwa umma mwaka 2000, toleo la 1.0 likaja 2006. Intel wanauza chipu, walitaka pawepo na programu za kuzipa chipu kazi nzito, kwa hiyo toka mwanzo ile kitu imeandikwa iende mbio kwenye prosesa ya kawaida. Ndo maana i3 yako ya zamani, ukiipa picha za 640 kwa 480, itakuwa inapiga kazi vizuri tu bila GPU.

Sasa ngoja nikupe kitu ambacho kwenye mafunzo ya mtandaoni hutakikuta, maana mafunzo hayo yameandikwa na watu ambao chungwa lao ni la rangi ya chungwa. La kwetu huku pwani linaiva likiwa bado kijani au kijani cha njano, kwa sababu ile kijani kutoka kwenye ganda inahitaji usiku wa baridi na usiku wa Muheza unaujua mwenyewe. Ukifuata somo linalokwambia chagua rangi ya machungwa kwenye HSV (namna ya kuandika rangi kwa namba tatu: rangi yenyewe, ukolevu na mwangaza) utapata machache yaliyobahatika kugeuka njano, mengine yote kamera itayapita kama hayapo. Ukiongeza kijani kwenye mtego wako, ndo balaa lingine, unanasa na majani, na majani ya migomba waliyotandika chini, na shati la kibarua.

Geuza kazi. Usitafute chungwa, tafuta kilichopo chini ya chungwa. Nenda dukani nunua turubai la bluu, lile la kawaida la kufunikia mizigo, ukikosa Muheza panda gari uje Tanga mjini pale Ngamiani yapo mengi, lizungushie ndani ya mfereji wote. Halafu kwenye OpenCV badili picha kwenda HSV, pale namba ya rangi inaanzia 0 mpaka 179 kwa sababu duara la digrii 360 limekatwa nusu ili liingie kwenye baiti moja. Bluu ya turubai itaangukia kama 100 mpaka 125 hivi, wewe ipime kwa turubai lako. Machungwa yote, kijani, njano, yaliyochanganya, yako chini ya 60 au karibu na hapo. Kati ya hayo mawili pana uwanja mpana hauna mtu. Unachukua kila pikseli ambayo siyo bluu, hiyo ndo picha yako nyeupe na nyeusi, kitu cha mstari mmoja kwa cv2.inRange kisha unaigeuza. Kijani na njano hazikusumbui tena.

Kitakachobaki ni machungwa, majani, vijiti, labda na mkono wa mtu. Tumia findContours uchukue mipaka ya nje tu, RETR_EXTERNAL, kwa nini ya nje tu? kwa sababu chungwa likiwa na maji au jua likilipiga linapata doa jeupe linalong'aa, na kwenye doa jeupe rangi haina maana tena, inaweza kusomeka chochote hata bluu, kwa hiyo katikati ya chungwa panatokea shimo la uongo. Mpaka wa nje hausumbuliwi na shimo. Halafu kila umbo lipime eneo lake na mzingo wake, ukichukua mara nne ya pai mara eneo ukagawa kwa mzingo mraba, duara kamili linakupa 1, jani refu linakuja chini sana. Majani yanaondoka yenyewe hapo.

Shida ya kweli ni machungwa yanayogusana. Mawili yakishikana kwenye picha nyeupe na nyeusi yanakuwa umbo moja lenye kiuno, na matatu yanakuwa kitu hakieleweki, na wewe ukihesabu maumbo utapata pungufu, na pungufu ikimwangukia mkulima patachimbika. Hapa kaa utulie maana ndo moyo wa kazi yote. Kuna kitu kinaitwa distanceTransform, kila pikseli iliyo ndani ya umbo inapewa namba ya umbali wake mpaka ukingo ulio karibu. Katikati ya chungwa ukingo uko mbali pande zote kwa hiyo namba inakuwa kubwa, pale kwenye kiuno wanaposhikana ukingo uko karibu, namba inashuka. Sasa ukikata ukabakiza zile pikseli zenye namba kubwa tu, tuseme zinazozidi asilimia 60 ya nusu kipenyo cha chungwa la kawaida, umbo moja linabaki na vitovu viwili vilivyotengana. Vihesabu kwa connectedComponents, unapata mbili. Kama unataka na mpaka kamili wa kila moja ili upime ukubwa, vitovu hivyo vipe cv2.watershed nayo itavikuza mpaka vikutane, pale vinapokutana ndo mpaka.

Hiyo asilimia ya kukatia usiichukue kwangu ukaifanya Msahafu. Ukiweka juu sana machungwa madogo yanapotea kabisa maana katikati yao hakufiki hiyo namba, ukiweka chini sana yaliyoshikana hayatengani. Piga picha za bandani kwako, jaribu namba tofauti, angalia kwa macho.

Na usikimbilie HoughCircles, kifaa cha OpenCV cha kutafuta miduara, kwa sababu jina lake linataja duara. Watu wote wanaanza nayo, ina vigezo vingi vinavyogombana, ukivitengeneza kwa mwanga wa asubuhi, mchana inakuonea madudu.

Mwanga nao. Banda la makuti lina vitobo, jua linapenya linachora vitone vyeupe juu ya turubai, na vitone vinatembea kadiri jua linavyotembea. Ziba juu ya sehemu ya kamera kwa bati au turubai jingine, weka taa yako mwenyewe, taa isiyobadilika. Halafu zima ujanja wa webkamu, webkamu ina tabia ya kujirekebisha rangi na mwanga yenyewe, likipita kundi la machungwa ya njano inaamua kuwa picha imezidi njano inavuta kwenda bluu, na wewe mtego wako wote umesimama kwenye bluu. Kwenye OpenCV kuna CAP_PROP_AUTO_WB na CAP_PROP_AUTO_EXPOSURE, jaribu kuzifunga, webkamu nyingine hazisikii ukiziambia kupitia hapo, kama uko Linux tumia v4l2-ctl inasikilizwa zaidi.

Kuhesabu yanayotembea: kwenye fremu moja (picha moja ya video) umepata machungwa manane, fremu inayofuata nane, ni yale yale au mengine? Chora mstari wa kufikirika katikati ya mfereji, kila chungwa lipe namba yake, lifuate fremu kwa fremu kwa kulioanisha na lililo karibu zaidi kwenye fremu iliyopita, likivuka mstari ongeza moja. Hiyo inafanya kazi vizuri kwa sharti moja, mwendo. Kamera ya fremu 30 kwa sekunde na chungwa linaloteremka mita 1 kwa sekunde, kati ya fremu na fremu limesogea kama sentimita 3.3, haifiki hata nusu ya kipenyo cha chungwa la sentimita 7, kwa hiyo la karibu zaidi ni lenyewe. Ukiinua mfereji likateremka mita 2 kwa sekunde linasogea sentimita 6.7, karibu chungwa zima, hapo kompyuta inamchukua jirani yake inadhani ndo yeye, hesabu inavurugika na hutajua imevurugikia wapi. Hakuna tracka (programu ya kufuatilia vitu) ya bei yoyote itakayokusaidia kirahisi kuliko kushusha mfereji kidogo. Na webkamu kwenye giza hupunguza fremu yenyewe mpaka 15 bila kukwambia, sababu nyingine ya kuweka taa. Taa pia inakuruhusu kupunguza muda wa shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga kwa kila picha: kwa mita 1 kwa sekunde ukipiga kwa sehemu ya 60 ya sekunde chungwa linaburuzika sentimita 1.7 kwenye picha, linakuwa yai, ukipiga kwa sehemu ya 500 linaburuzika milimita 2 tu.

Ukubwa. Weka karatasi ya A4 chini kwenye mfereji, hiyo ni milimita 210 kwa 297 popote duniani, bonyeza pembe zake nne kwenye picha, getPerspectiveTransform itakunyooshea picha na utajua milimita moja ni pikseli ngapi. Ila kumbuka karatasi imelala chini na chungwa limenyanyuka, sehemu yake pana iko sentimita 3.5 juu ya karatasi, kwa hiyo liko karibu zaidi na kamera na litaonekana kubwa kuliko lilivyo. Kamera ikiwa mita 1.5 juu kosa ni kama asilimia 2.4, chungwa la milimita 70 linasomeka kama 71.7, unaishi nalo. Ukiibana kamera nusu mita tu juu ya mfereji kosa linafika asilimia 7.5, ni milimita 5, na hapo chungwa la kati limeshapanda daraja la kubwa. Ipandishe kamera juu. Mkulima hatalalamika kusomewa kubwa, ila anayenunua Dar atalalamika.

Mabovu. Hapa nakuomba upunguze hamu. Ukiweka kamera ione upana wa mita 1.2 kwa picha yenye pikseli 1280, kila pikseli ni kama milimita 1. Alama ya nzi wa matunda ni kama tundu la sindano, haifiki hata pikseli moja, na kitu kisicho kwenye picha hakitolewi na modeli yoyote. Bovu kubwa lenye ukungu mweupe au doa la kahawia nusu ya tunda utaliona, lakini chungwa lina pande zote na kamera yako inaona upande wa juu tu, mpaka uwe na namna ya kulizungusha. Halafu kuna makovu ya upepo na matawi, ganda limechubuka ila ndani zima kabisa, hilo kulitofautisha na linaloanza kuoza ndo kazi ambayo kanuni za rangi zinashindwa na kweli unahitaji kutreni modeli. Iache awamu ya pili. Vibarua waendelee kutoa mabovu kwa mkono kabla hayajaingia kwenye mfereji, hiyo kazi wanaiweza kuliko kompyuta.

Ukifika awamu ya pili, haya ya kujua. Modeli nyingi za bure za kutambua vitu zimefundishwa kwa COCO, mkusanyo wa picha wenye aina 80 za vitu, na chungwa limo kweli, pamoja na tufaha na ndizi. Watu wanaona hivyo wanafurahi. Lakini ni chungwa la kwenye picha za huko, la rangi ya chungwa, mezani, kwenye bakuli. La kijani la Muheza usishangae likiitwa tufaha. (Wenzako wa soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga wao wana hali mbaya zaidi, kwenye zile aina 80 kuna twiga, kuna pundamilia, samaki hayumo.) Kwa hiyo utapiga picha zako, utazichora visanduku kwa CVAT au Label Studio, zote za bure na zinakaa kwenye mashine yako, na utatreni kuanzia kwenye modeli iliyokwisha kufundishwa, hautaanza sifuri. Kutreni kwenye i3 sahau, tumia Google Colab, kompyuta za Google unazozitumia kupitia mtandao, bando tu lisikuishie katikati.

Na unapogawa picha za kufundishia na za kupimia usizichanganye ukazigawa kwa bahati nasibu. Fremu mbili zilizofuatana kwenye video moja ni karibu picha ile ile, moja ikienda kufundishia na nyingine kupimia, modeli inakuwa imeshaona mtihani, itakupa asilimia 99 na siku ya kazi inakutia aibu mbele ya mjomba. Gawa kwa siku. Jumatatu na Jumanne za kufundishia, Alhamisi ya mawingu ya kupimia.

Ikishatreniwa, itoe kwa muundo wa ONNX (aina ya faili ya kuhamishia modeli) uiendeshe kwa ONNX Runtime, au kwa moduli ya dnn iliyomo ndani ya OpenCV yenyewe, hiyo ya dnn haitreni, inaendesha tu, na kwako ndo inayotakiwa kwa sababu laptopu ya bandani haihitaji kubeba PyTorch nzima kwenye hiyo GB 4.

Sasa leseni, swali lako la kushtakiwa. Bure na huria (kodi yake iko wazi kwa wote) ni kweli, lakini huria ina masharti na masharti hayafanani. OpenCV toka toleo la 4.5.0 la mwaka 2020 iko chini ya Apache 2.0, kabla ya hapo ilikuwa BSD. scikit-image na PyTorch ni BSD, TensorFlow na Detectron2 ni Apache, ONNX Runtime ni MIT. Hizi tatu, Apache, BSD na MIT, kwa mtu wa biashara ni za amani: chukua, badilisha, uza, ficha kodi yako ukitaka, sharti kubwa ni ubakize ile karatasi ya leseni na majina ya waliotengeneza. Apache inaongeza kifungu cha hataza (patent), waliochangia wanakupa ruhusa ya hataza zao zilizomo humo, na hilo siyo jambo dogo, wanaosoma vitabu vya zamani bado wanakuta onyo kuhusu SIFT, ile njia ya kutambua alama kwenye picha, ilikuwa na hataza Marekani mpaka 2020 ilipoisha muda, ndo ikahamishiwa kwenye OpenCV ya kawaida mwaka huo huo. Leo unaitumia bila wasiwasi, ingawa kwa machungwa huihitaji.

YOLO ndo nilikuahidi. Aliyeianzisha ni Joseph Redmon, paper ya kwanza 2015, kodi yake ya mwanzo iliitwa Darknet na leseni yake ilikuwa karibu ya utani. Mwaka 2020 akasema ameacha utafiti wa mambo ya kamera kwa sababu ya matumizi ya kijeshi na faragha za watu. Baada ya hapo jina likabaki halina mwenyewe, kila kampuni ikatoa YOLO yake na namba yake, kwa hiyo namba kubwa haimaanishi ndo mtoto wa ile ndogo. Zile za Ultralytics, ambazo ndo rahisi kuliko zote kuziendesha na ndo utazikuta kwenye kila video, ziko chini ya AGPL-3.0. Maana yake ukimpa mtu programu iliyojengwa juu yake, au ukaiweka mtandaoni watu wakaitumia, wana haki ya kupata kodi yote ya hiyo programu chini ya masharti hayo hayo. Kuuza unaruhusiwa, kuficha hapana. Kama hutaki, wenyewe wanauza leseni ya biashara. Kujifunzia na kuchezea kwenye banda la mjomba ni jambo moja, siku unampelekea dalali wa Korogwe kwa hela ni jambo jingine, na siku hiyo ikifika uwe umeshaamua. Mimi ningekushauri uchukue YOLOX ya kampuni ya Kichina ya Megvii, ni Apache 2.0, na ina mtoto mdogo kabisa anaitwa Nano hata vigezo milioni 1 havifiki, i3 itambeba. Au SSDLite, modeli nyingine ndogo iliyomo kwenye torchvision, laibrari ndugu ya PyTorch, BSD. Usumbufu wa kuisimamisha ni mkubwa kidogo kuliko Ultralytics, sikudanganyi.

Na leseni ya kodi siyo leseni ya picha. Modeli iliyofundishwa kwa ImageNet, mkusanyo mwingine mkubwa wa picha, picha zenyewe zilitolewa kwa utafiti usio wa biashara, watu wanabishana mpaka leo hiyo inafika wapi kwenye modeli. Picha zako ulizopiga mwenyewe hazina ubishi huo, zitunze, hizo ndo mali yako kwenye mradi mzima kuliko kodi.

Jambo dogo la pembeni: kamera itazame mfereji tu, sura za vibarua zisiingie. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na zaidi ya sheria, kibarua akihisi anarekodiwa yeye, hiyo kamera utaikuta ina tope kwenye lenzi.

Kuanza: tengeneza mazingira mapya ya Python, pip install opencv-python, basi. Kuna opencv-python, opencv-contrib-python na opencv-python-headless, chagua moja tu, ukiziweka mbili pamoja zinagongana na utapata makosa yasiyo na kichwa. Na OpenCV ikifungua picha inaileta kwa mpangilio wa bluu, kijani, nyekundu, wakati scikit-image na karibu wengine wote ni nyekundu, kijani, bluu, ukichanganya hizo mbili bila kugeuza turubai lako la bluu litakuwa jekundu na machungwa ya njano yatakuwa ya rangi ya samawati, utakaa siku nzima unatafuta kosa kwenye hesabu wakati liko kwenye mstari wa kwanza.

Kabla hujamwonyesha mjomba, fanya hivi. Hesabu machungwa 500 kwa mkono, watu wawili tofauti, wakikubaliana yamwage kwenye mfereji, soma namba ya kompyuta, yakusanye uyamwage tena, na tena, saa mbili asubuhi, saa nane mchana, na jioni. Namba ikiwa pungufu kila mara kwa kiasi kile kile, ni yaliyoshikana, rudi kwenye ile asilimia ya kukatia. Ikiwa inaruka mara juu mara chini, ni mwendo, shusha mfereji. Ikiharibika mchana tu, ni mwanga. Rekodi video wakati wote huo, na ukikwama nitumie kipande kimoja cha asubuhi na kimoja cha mchana, ila ukituma kwa WhatsApp tuma kama faili siyo kama video, maana ikishabanwa sitaweza kukwambia tatizo ni la kamera yako au la WhatsApp.